Naomba ushauri: je, vyombo vya plastiki vinaweza kuchangia unene?

Mama Nuru: Ndugu wachangiaji, nina ujauzito wa miezi mitano, na uzito nilioupata katika uzazi wa kwanza haujapungua. Wifi yangu anashikilia kuwa chanzo ni kemikali za plastiki zinazovuruga homoni, kwa kuwa uji wangu wa kazini huutia ukiwa wa moto kwenye kopo la plastiki. Je, madai hayo yana msingi, au nitatupa vyombo vya nyumba nzima bure?

Mkemia wa Tanga: Dada, wifi yako hajayatunga. Mwaka 2006 Felix Grün na Bruce Blumberg, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, walionyesha kuwa panya waliofikiwa na tributiltini wakiwa bado tumboni mwa mama zao walilimbikiza mafuta mwilini kupita wenzao. Kemikali hiyo, ambayo zamani ilitiwa katika rangi za meli ili viumbe vya baharini visishike chini yake, huamsha kipokezi (protini ya ndani ya seli inayopokea ishara) kiitwacho PPAR gama, na kipokezi hicho ndicho kinachoziamuru seli changa zigeuke kuwa seli za mafuta. Kwa hiyo ningemfikiria kwanza mtoto aliye tumboni, kisha kiuno chako.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, panya si mtu. Kwa binadamu, tafiti nyingi zinaonyesha tu kwamba wenye bisfenoli A nyingi kwenye mkojo (kemikali ya plastiki ngumu na ya utando wa ndani ya makopo ya chakula) mara nyingi ni wanene zaidi, na anayekula sana vyakula vya makopo huipata kemikali hiyo pamoja na chakula chenyewe. Kuhusu chakula ushahidi ni mzito: mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwalisha watu 20 vyakula vya viwandani kwa wiki mbili na vya kawaida kwa wiki mbili, na vile vya viwandani viliwafanya wale takribani kilokalori 500 zaidi kila siku. Soda basi isisahauliwe kwa sababu ya hofu ya kopo la plastiki. Uzito wako uzungumze kliniki, wala usijinyime chakula ukiwa mjamzito.

Mkemia wa Tanga: Nakubaliana na nesi, ila tahadhari juu ya plastiki si ngumu, haifai kuipuuza. Ulaya ilipiga marufuku bisfenoli A kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011, na mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilishusha kiwango kinachovumilika hadi nanogramu 0.2 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Joto na mafuta ndivyo vinavyozidisha kemikali kutoka kwenye plastiki. Uji, mchuzi na chipsi za moto vitie kwenye chuma cha pua au kioo. Chombo kilichoandikwa kuwa hakina bisfenoli A kinaweza kuwa na ndugu yake, bisfenoli S.

Mama Nuru: Asanteni sana. Na ndoo ya maji ya kunywa?

Mkemia wa Tanga: Ikiwa ilitengenezwa kwa ajili ya chakula na maji ni ya baridi, endelea nayo, lakini isikae juani. Ikiwa ilikuwa ya rangi ya nyumba, ifanye ya kudekia.