Diski ya kupimia spika: mvumo unaotakiwa kukaa katikati unazagaa

KijanaWaSegerea:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabata Segerea. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, tailizi chini, madirisha ya alumini. Nina amplifaya ya 5.1 (spika tano na sabufa moja, yaani spika ya besi) na spika zake, mtumba wa Kariakoo. Kwenye filamu maneno yanamezwa, ila bomu likilipuka vikombe vinagongana kabatini na mtoto anaamka. Jamaa kaniazima diski ya kupimia sauti. Kuna mahali inapiga mvumo kwenye spika mbili za mbele: kwanza unatakiwa usikike katikati, halafu uzagae. Kwangu ni kinyume kabisa. Diski ni mbovu?

MkaziSinza:
Mkuu, ingia kwenye menyu, pandisha spika ya katikati desibeli 4, shusha sabufa. Mimi nilimaliza hivyo.

FundiTemeke:
Usiguse menyu kwanza! Diski ni nzima. Spika moja ya mbele waya zimepishana, kwa hiyo koni moja (ile sehemu ya spika inayotetemeka) ikienda mbele nyingine inarudi nyuma, na besi zinauana hewani. Usiamini rangi za sehemu za kuchomekea waya. Nimefungua spika nyingi za mtumba, nje nyekundu na nyeusi ziko sawa, ndani ya boksi zimegeuzwa. Chomoa waya kwenye amplifaya, chukua betri ya rimoti ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi, mguso mfupi tu. Koni kubwa ikiruka kuja nje, iko sawa. Ikiingia ndani, ndiyo hiyo.

Ukishageuza, ndipo uweke ule mvumo unaofanana na mvua juu ya bati. Zima feni. Kaa unapokaa siku zote, simu usawa wa masikio, na programu ya kupimia desibeli. Piga spika mojamoja mpaka zote zisome sawa. Desibeli 75 ndiyo iliyozoeleka. Simu haiaminiki kwenye besi nzito, lakini kulinganisha spika na spika inafaa. Ndugu wa Sinza hakukosea, ila 4 ni ya sebule yake. Umbali wa kila spika hadi unapokaa pima kwa futi kamba, uuingize kwenye menyu: sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde, na amplifaya huichelewesha spika ya karibu ili zote zikufikie pamoja.

Ya katikati umeiweka wapi?

KijanaWaSegerea:
Kwenye shimo la meza ya runinga, imezama ndani.

FundiTemeke:
Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa meza, iinue kidogo ielekee masikio. Tandika na zulia mbele yako, tailizi zinarudisha sauti.

KijanaWaSegerea:
Fundi, ni ya kushoto! Koni iliingia ndani, nikafungua boksi, kweli waya zimegeuzwa. Sasa mvumo umesimama katikati kama kuna mtu pale. Ya katikati ilikuwa inasoma 68 wakati za mbele ni 75. Leo kwenye taarifa ya habari mke wangu kauliza kama nimebadilisha runinga. Ahsante sana. Sabufa tu bado inanguruma pale kwenye kochi.

FundiTemeke:
Ibebe, iweke juu ya kochi unapokaa, piga besi ya diski, halafu wewe tambaa ukutani sikio likiwa chini. Pale utakaposikia besi imenyooka bila kunguruma ndipo pa kuiweka.

KijanaWaSegerea:
Kesho hapana, mchana mtoto analala. Jumamosi asubuhi.