Nina magunia 14 ya dagaa stoo na ziwa limefungwa. Nimehodhi?

Mleta uzi: Assalaam aleykum wakuu. Nanunua dagaa wakavu Kibirizi hapa Kigoma, napeleka Tabora. Ziwa Tanganyika lilipokaribia kufungwa kwa uvuvi Mei 15, nikajaza stoo magunia 14. Mteja wangu wa Tabora anayataka yote, kwa faida ya kawaida. Shemeji anasema nikaze mpaka Julai, bei itapaa. Ijumaa imamu akagusia kuhodhi, nikaona kama ananitazama mimi. Lakini si kila mtu anachuuza kwa ajili ya tumbo lake? Mungu katuumba hivyo. Nina ada za watoto.

Muuza mawese: Kaza mkuu. Siku za mbalamwezi dagaa hakuna na watoto wanakula vilevile, nani huwa anakufidia?

Bint Ujiji: Hilo la "katuumba hivyo" limeishia njiani. Ni kweli, Al-Adiyat aya ya 8 inasema mtu anapenda mno mali. Al-Maarij nayo inasema kaumbwa na papara, akipata kheri anaizuia. Sasa endelea kusoma: isipokuwa wanaoswali, ambao katika mali zao mna haki ya mwombaji na asiyejaliwa. Tabia imetajwa, ruhusa ya kuifuata haikutajwa. Faida yenyewe hakuna aliyekukataza, kaka.

Mzee wa Mwanga: "Hahodhi ila mkosefu," hadithi ya Mtume, iko kwenye mkusanyiko wa Imamu Muslim. Ila sisi Mashafii, wa madhehebu ya Imamu Shafii, tunaangalia umenunua lini. Kununua chakula kikiwa tele na rahisi, ukakiweka, hakuna neno. Kukinunua kikiwa tayari ghali na watu wanakihitaji, ukakifungia ili bei izidi kupanda, ndiko kuhodhi. Said bin al-Musayyab, aliyeipokea hadithi hiyo, mwenyewe alikuwa anaweka bidhaa. Wanazuoni wanasema yalikuwa mafuta, si chakula cha kushibisha.

Muuza mawese: Alhamdulillah, mafuta nimepona 😂 Na dagaa si kitoweo tu?

Bint Ujiji: Usishangilie, Imamu Malik anaingiza kila bidhaa ambayo kuifungia kunaumiza watu. Na kwa mama wa hapa Mwanga anayenunua kisado kwa wiki, hicho "kitoweo tu" ndiyo nyama yake.

Mzee wa Mwanga: Mleta uzi, hujajibu. Ulinunua bei ikoje?

Mleta uzi: Mzee, niseme ukweli. Ilishapanda, kila mtu alikuwa anagombania. Nimeshampigia wa Tabora, anachukua 10 kwa bei ileile. Manne nayafungua kesho, nauza kwa kisado hapahapa mtaani. Shemeji hapokei simu.