Naomba ushauri: bibi asiye mchawi kwenye filamu

Habari zenu wakuu. Nina skripti ya filamu fupi ya dakika 20. Mhusika mkuu ni bibi wa miaka 67, katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya pamba huko Shinyanga.

Bongo Movie bibi kama huyu ni mchawi, mama mkwe mkorofi au mgonjwa wa kitandani, basi. Na Kanda ya Ziwa si jambo la mzaha: vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe tu.

Kaniki, ungo na mlio wa bundi nimeshaviondoa. Nimempa deni, mpinzani na mizani inayogombaniwa. Kilichonikwamisha ni usaili: wanaojitokeza wana miaka 30, wanataka wapakwe unga kichwani na kuchorwa mikunjo. Picha ya karibu inawaumbua, shingo na viganja havidanganyi.

Waigizaji wa kike waliovuka 60 mnawapata wapi, kwaya, vikundi vya ngoma, VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa)? Na macho yake niyaonyeshe mekundu, au mtazamaji atarudi kulekule kwenye uchawi?