Naomba ushauri: kupima kimo cha Ziwa Victoria kwa maji yanayochemka, kama Speke

Wakuu, tunaandaa onyesho la wanafunzi hapa Mwanza kuhusu mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika ziwani upande huu Agosti 1858 na kukadiria kimo chake kwa joto la maji yanayochemka. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 na ushei.

Tutatumia maji ya mvua. Kipimajoto kinaning'inia kwenye mvuke, sentimita 2 hivi juu ya maji, bila kugusa chombo, na mvuke uachiwe njia ya kutokea. Ukikitumbukiza majini, chumvi na moto wa chini hupandisha usomaji, na ziwa "linashuka". Nyuzi moja ni kama mita 300. Kosa la nusu nyuzi, ambalo ni la kawaida kwa vipimajoto vya shule, tayari ni mita 150.

Tatizo liko hapa: sifuri inahakikiwa kwa barafu inayoyeyuka, lakini kwa kimo chetu 100 haifikiki. Je, nihakiki sehemu ya juu ya kipimajoto kwa kanieneo (mgandamizo wa hewa, ndio unaoamua joto la kuchemka) inayosomwa na simu? Taarifa za uwanja wa ndege huwa zimeshageuzwa kuwa za usawa wa bahari, hizo hazifai zilivyo.

Halafu muda. Kanieneo hushuka kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, hektopaskali 3 hivi, yaani mita 25 na zaidi. Nipime mara mbili nichukue wastani, au saa 7 mchana inatosha?