Kundi la ndege mchanganyiko hupita upesi: nianze kutazama wapi?

Mpandamlima: Wadau wa ndege, salaam. Kwenye msitu wa mlimani naweza kutembea muda mrefu kimya kitupu, mara matawi yanajaa ndege wa kila aina: chozi, kinengenenge, kigong'ota, mramba, na wengine nisiowajua. Nikimwelekezea huyu darubini, yule keshapita. Dakika chache, kimya tena. Wenzangu mnafanyaje?

Mzee wa Darubini: Ndugu yangu, shusha darubini kwanza, tega sikio. Kundi la namna hiyo huwa na aina moja au mbili zinazoliongoza, ndege wasionyamaza, na wengine hufuata sauti zao. Ukiizoea sauti ya kiongozi utajua kundi linakoelekea kabla hujaliona. Tangulia mbele, simama penye uwazi, liache lije. Ukilifukuza kwa nyuma utaona mikia tu.

Halafu chagua kimo kimoja. Kigong'ota anapekua magome, kinengenenge yuko kwenye majani ya juu, wengine wamo vichakani. Kila mmoja ana pake, ndiyo maana hawagombani sana. Mimi hukaa na wa vichakani, wa juu nawaacha wapite japo roho inauma. Lakini nikimwona ndege akitia mdomo ndani ya jani kavu lililojikunja na kumchomoa buibui, sijutii hata kidogo.

Chozi Kijani: Naongezea kuhusu mramba. Yeye hukaa kwenye tawi tupu, wenzake wakitimua wadudu anawadaka hewani. Pia ni mlinzi, kipanga akija anapiga kelele. Ila huko kwenye jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, watafiti wamethibitisha kwamba mramba hupiga kelele za hatari za uongo, tena kwa kuigiza sauti za wengine, ili wakikimbia anyakue chakula walichokiacha. Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwaka 2014. Kwa hiyo ukisikia kelele na kipanga haonekani, mkazie macho mramba.

Mpandamlima: Asanteni sana. Na msimu je?

Mzee wa Darubini: Nje ya msimu wa kuzaliana. Wakati wa kuatamia, wengi hubaki karibu na viota na makundi hupungua. Nenda asubuhi, ukungu ukianza kupanda, na andika kwanza nani katangulia. Idadi utajaza baadaye.