Tupeane uzoefu: kupiga picha ndani ya makumbusho ya sanaa, yalikukuta yapi?

Wakuu, nimekutana na picha ya zamani kwenye simu, mchoro hauonekani, kioo chake kimejaa sura yangu. Nikakumbuka mengi. Nani mwingine?

Mkaa Pembeni: Mona Lisa. Mchoro wenyewe sm 77 kwa 53 tu, na mbele yako kuna msitu wa mikono na simu. Nikapiga kumi na mbili, zote visogo vya watu. Kwa macho sikuutazama hata dakika, inaniuma mpaka leo.

Rangi Mbichi: Hata mimi ndugu, vilevile.

Binti Kalamu: Mimi acheni tu. Nilitaka mchoro uingie wote, ule wa ukuta mzima, basi narudi nyuma hatua moja, nyingine, macho kwenye skrini, begi mgongoni, mara nasikia nimegonga kitu na kengele inalia, kugeuka naona sanamu ya udongo inayumba kwenye stendi yake na mlinzi kaikumbatia kama mtoto. Haikuanguka. Mzee wa watu hata hakunigombeza, mikono inamtetemeka tu, nikakaa chini nikalia mbele za watu.

Mkaa Pembeni: Mungu alikusitiri dada. Walikudai?

Binti Kalamu: Hapana, ila waliikagua karibu nusu saa nimesimama palepale.

Mzee wa Lenzi: Ndo maana selfi stiki zimepigwa marufuku sehemu nyingi. Na flashi mzime, inaua rangi.

Taa: Mzee flashi unaikuza, ni kufumba na kufumbua. Kinachofifisha rangi ni mwanga wa siku nenda rudi, ndo maana michoro ya karatasi inawekwa kwenye luksi 50 hivi (kipimo cha mwanga), yaani mwanga hafifu.

Mzee wa Lenzi: Na wakipiga watu elfu kwa siku? Zima bwana.

Mgeni Njiani: Mbona Sistine Chapel, lile kanisa la Vatican lenye michoro ya Michelangelo, hata bila flashi hawataki?

Taa: Ule ukarabati wa michoro yake ulioanza miaka ya 1980, Nippon Television ya Japani ilitoa hela ikapewa haki za picha. Haki zikaisha, katazo likabaki.

Rangi Mbichi: Simu iache kabatini na begi lako, nunua kadi ya posta.

Mkaa Pembeni: Napinga. Piga, ila piga na kile kikaratasi cha maelezo pembeni, baadae hukumbuki nani kachora.

Mgeni Njiani: Binti, ile picha yenyewe ilitoka?

Binti Kalamu: Nusu. Kona ya chini ina ukungu. Sijaifuta.