Mlango wa mninga unasugua juu na kuburuza chini: nikubali randa au nihangaike na bawaba?

BintiChumbageni

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa mafundi na yeyote aliyewahi kukutana na tatizo hili.

Nipo Tanga, nyumba ya wazazi. Mlango wenyewe ni wa chumba cha mama. Ni mninga mtupu, marehemu baba aliagiza mbao kutoka Tabora mwaka 1998 na akasimama na seremala hadi ukakamilika. Upana futi 3, urefu futi 7, bawaba tatu za inchi 4. Ni mzito, mtu mmoja haunyanyui.

Tangu mwaka jana umeanza kugoma. Ukiufunga, kona ya juu upande wa kitasa inagonga ubavu wa fremu. Inabidi uunyanyue kwa mkono huku unausukuma kwa bega. Chini, upande huohuo wa kitasa, unaburuza na umeshachora nusu duara kwenye vigae. Mwanya wa juu nao haulingani: karibu na bawaba ni mwembamba, ukielekea kitasa unapanuka.

Mama ana miaka 74 na viungo vya mikono vinamsumbua. Ameshaacha kuufunga. Analala mlango wazi, akivaa anamwita mjukuu asimame nje amzuilie watu. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi alikuja fundi, akautazama dakika mbili, akasema apige randa kona ya juu na chini yote, elfu 40. Nilimwomba asubiri. Roho inasita kukata mbao ya baba. Je, hakuna njia nyingine?

Kidagaa

Pole dada. Hiyo ni masika tu, mbao zimekunywa maji. Huku kwetu kila mwaka mwezi wa nne milango inabana. Piga randa kidogo, utasahau.

SeremalaMoro

Dada, usiruhusu randa kwanza. Naomba unisome hadi mwisho.

Mimi ni seremala, huu mwaka wa 19. Ndugu yangu Kidagaa hajakosea kwamba mbao huvimba, lakini huvimba kwa upana wake, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mlango uliovimba unabana ubavu mzima wa kitasa, juu hadi chini, na mwanya wa juu unabaki ulivyokuwa. Wako unagusa kona moja juu, kona moja chini, na mwanya wa juu umekuwa kama kabari. Huo umeinama. Uzito wote unaning'inia kwenye bawaba ya juu na kuivuta itoke kwenye fremu, wakati bawaba ya chini inasukumwa ndani. Ikitoka milimita mbili tu pale juu, kona ya kitasa inashuka na kusogea hadi igonge.

Ukipiga randa unakata kona isiyo na kosa lolote. Bawaba itaendelea kulegea, mwakani utakata tena. Na siku atakapokuja mtu kuirekebisha bawaba yenyewe, mlango utarudi mahali pake ukiwa na pengo la kupitisha kidole. Mninga ukishakatwa haurudi.

Fanya hivi. Fungua mlango nusu. Shika kitasa kwa mikono miwili, unyanyue, ushushe, unyanyue. Mtu mwingine aweke ncha ya kidole pale juu, nusu kwenye bati la bawaba, nusu kwenye mbao ya fremu. Akuambie nini kinacheza: bati juu ya mbao, pini ndani ya bawaba, au fremu yote ikiachana na ukuta. Yote matatu yana dawa, ila dawa ni tofauti. Kisha pitisha sarafu kwenye mwanya wa upande wa bawaba, juu na chini, uniambie.

BintiChumbageni

Ahsante sana fundi. Nimefanya sasa hivi na mdogo wangu.

Kinachocheza ni bati la bawaba ya juu upande wa fremu. Nimelisikia kabisa kwenye kidole, linainuka na kulala kama kifuniko. Skrubu mbili kati ya nne zinazunguka tu, hazikazi. Moja nimeitoa kwa vidole: fupi, haifiki inchi moja, ncha imeliwa na kutu na imetoka na unga mweusi wa mbao. Fremu imetulia, pini zimetulia. Sarafu ya shilingi 200 inapita juu kwa ulegevu, chini haiingii kabisa.

SeremalaMoro

Basi umeshapata jibu. Sarafu imekueleza: juu bawaba imetoka, chini imebanwa.

Kwanza mlango usibaki hewani. Ufungue mpaka uifikie bawaba vizuri, kisha ingiza kabari mbili za mbao chini, upande wa kitasa, zikielekeana, uzigonge polepole mpaka mlango unyanyuke kidogo na bati la juu lirudi kulala penyewe. Fanya kazi kwenye bawaba moja tu. Usithubutu kufungua zote tatu, mlango huo ukianguka utavunja mguu wa mtu.

Toa skrubu zote nne za bawaba ya juu upande wa fremu. Yale matundu yaliyooza yachokonoe hadi ukute mbao ngumu. Wengi hujaza njiti za kiberiti na gundi, na kwa mlango mwepesi zinatosha. Kwa wako mimi ningechonga vijiti vya mbao ngumu, vinene kama penseli, nivipake gundi ya mbao, nivigonge ndani hadi vijae, nivikate viwe sawa na fremu. Acha saa 24. Usiku huo mlango usiguswe.

Kesho yake toboa kwa drili, biti ya milimita 3, katikati ya kila kijiti. Mninga ukiulazimisha skrubu bila kutoboa, kichwa kitakatikia humo. Skrubu nunua za inchi moja na nusu. Watu watakushauri inchi 2, lakini pale bawaba inapokaa fremu imeshachongwa na imebaki nyembamba. Ya inchi 2 inaweza kutokea nyuma ikagonga sementi na kusukuma badala ya kuvuta. Isugue kwenye sabuni ya mche kabla ya kuikaza, itaingia bila kulia. Hakikisha kichwa kinazama kwenye bati. Kikibaki juu, mabati mawili hayatakutana na mlango utakuwa unajirudisha wenyewe.

Kaza kwa bisibisi ya mkono mwishoni, si drili. Drili haikuambii skrubu imefika.

MamaWaLikoni

Hamjambo nyote. Naongezea kutoka Mombasa. Mlango wangu wa jikoni ulikuwa na shida kama hii, na hata baada ya kukaza bawaba ya juu ulibaki ukigusa kidogo sana. Fundi wangu hakushika randa. Alifungua bawaba ya chini upande wa fremu, akakata kipande cha kadibodi ya pakiti ya majani chai saizi ya bati, akakiweka nyuma yake na kurudisha skrubu. Mlango ukanyanyuka upande wa kitasa mbele ya macho yangu.

Dadangu, ukimaliza alivyokueleza fundi, jaribu hilo kama bado kuna kasoro. Na mpe mama salamu zangu. Mama yangu pia aliishi mwisho wake na vidole hivyo, najua kitu kidogo kama kitasa kinavyoweza kumnyima mtu heshima yake.

SeremalaMoro

Mama amesema kweli, na hesabu yake ni rahisi. Kutoka bawaba ya juu hadi ya chini ni kama mita 1.6, upana wa mlango ni sentimita 90. Ukiisogeza bawaba ya chini milimita 1 nje, upande wa kitasa unapanda zaidi kidogo ya nusu milimita. Inaonekana ndogo, lakini mwanya mzuri wa mlango ni milimita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo nusu ni kitu. Bawaba ya katikati nayo uilegeze wakati unafanya hivyo, kisha uikaze mwisho, la sivyo itagombana na hizo mbili.

Ila kadibodi karibu na sakafu inayopigwa deki hunyonya maji na kusinyaa. Kata plastiki ya dumu la mafuta. Kipande kimoja, kisizidi viwili.

Mzalendo_Bremen

Huku Ujerumani nilipo milango mingi ya plastiki ina bawaba zenye tundu la ufunguo wa alen. Unazungusha, mlango unapanda, unashuka au unasogea pembeni. Nimeona nyumbani watu wameanza kufunga milango ya aina hiyo. Kwa hiyo mwenye mlango wa plastiki aangalie kwanza chini ya kile kifuniko cha bawaba kabla ya kuita fundi. Kwa mninga wa binti wa Tanga haihusu, nimeandika kwa wengine watakaopita hapa.

Bakari_Malindi_Unguja

Na wenye milango ya zamani ya kuchonga kama ya Mji Mkongwe wajue hiyo haina bawaba kabisa. Inazunguka kwenye ncha zilizoingia matundu ya kizingiti, juu na chini. Ikiinama, aghalabu tundu la chini ndilo lililolika. Msimruhusu mtu akafunga bawaba za chuma kwenye ubao wa miaka mia. Tafuteni fundi anayejua kulijaza tundu.

BintiChumbageni

Wakuu, nimerudi na majibu. Siku tatu zimepita.

Tulifanya kama fundi alivyoelekeza. Vijiti tulichonga kutoka mguu wa stuli iliyovunjika, sijui mbao gani lakini ilikuwa ngumu kuliko kisu. Mdogo wangu alikaa na kabari, mimi nikachokonoa matundu. Lile la juu kabisa lilitoa unga mweusi wa kujaza kijiko. Gundi ilikauka usiku mzima, mama akalala chumbani kwangu.

Asubuhi tukakaza. Skrubu ya kwanza yenye sabuni iliingia taratibu, na robo ya mwisho bati likavutwa likalala kwenye fremu, nikaona kona ya mlango ule upande mwingine inapanda. Nilishusha bisibisi nikakaa chini dakika moja.

Ilibaki kugusa kidogo sana chini. Nikaweka plastiki ya dumu nyuma ya bawaba ya chini, kipande kimoja, kama alivyosema Mama wa Likoni. Sasa sarafu inapita juu na chini kwa ugumu uleule.

Kuna jambo tuliloligundua baadaye. Kibati cha kitasa kwenye fremu kilikuwa kimechongwa kwa tupa upande wa chini. Kumbe kaka aliwahi kuufuata mlango ulipokuwa unashuka. Leo ulimi umerudi juu, kwenye tundu lilelile la mwaka 1998, unaingia na kulia "tak" bila kusukumwa.

Mama aliufunga kwa kiganja cha kushoto. Akaufungua, akaufunga tena. Alikaa humo ndani peke yake muda mrefu.

Swali la mwisho, fundi. Nilipopanda ngazi nimeona ukingo wa juu wa mlango haujawahi kupakwa vanishi, mbao iko wazi. Nipake Jumamosi hii?

SeremalaMoro

Mungu ambariki mama. Kazi nzuri sana, mwambie na mdogo wako.

Jumamosi hii hapana. Mbao sasa hivi ina maji ya masika, ukiipaka unayafungia ndani. Subiri Julai ikauke, piga msasa kidogo, paka vanishi mikono miwili, yaani mara mbili. Ukingo wa chini nao utakuwa mtupu, ndivyo milango mingi ilivyo. Kuupaka lazima mlango ushuke, na hapo utafute wanaume wawili wa kuushika. Siku hiyo nitumie picha ya zile skrubu kabla hujazitoa, nione kama zimeanza kutu.

Kidagaa

Fundi, nimejifunza. Kesho naweka kidole kwenye bawaba zangu kabla sijagusa randa.